Arbitri akilishwa na mwenye timu, filimbi ni ya nani?

KASONGO – Msimu wa mpira ukifika, toka Kasongo mpaka Kabambare, neno moja linasikika pembeni ya viwanja: "Arbitri amekula!" Linasemwa penalti ikitolewa, linasemwa pia ikinyimwa. Kisha watu wanaingia kiwanjani, mechi inasimama, na vijana ambao jana walikula sahani moja wanarudi nyumbani bila kusalimiana.

Pengine arbitri hajala kitu. Lakini nani atamwamini? Katika mashindano mengi ya mitaa, mkubwa mmoja anatoa kombe, jezi na mipira. Mkubwa huyo ana timu yake ndani ya mashindano. Ndugu yake anakaa kwenye komite. Na siku ya mechi ni yeye anayelipa mafuta ya pikipiki ya arbitri, mahali pake pa kulala, na bugali ya usiku. Hata arbitri huyo awe mtu wa haki namna gani, penalti ya kwanza atakayompa mwenyeji wake itaonekana kuwa ni malipo ya bugali.

Baada ya mechi hakuna dawa. Sheria ya 5 ya mpira inasema wazi kwamba uamuzi wa arbitri juu ya mambo ya mchezo, pamoja na goli na matokeo, ni wa mwisho. Mchezo ukianza tena, goli alilolikubali halikataliwi. Kumwonyesha video ya simu kesho yake hakurudishi kitu. Kama tunataka haki, tuitafute kabla ya filimbi ya kwanza: nani anamchagua arbitri, na nani anamlipa.

Yale yanayoweza kulalamikiwa baada ya mechi yana njia yake, na njia hiyo ni karatasi. Mwaka 2011, TP Mazembe ya Moïse Katumbi ilikuwa bingwa wa Afrika mara 2 mfululizo, 2009 na 2010. Iliipiga Simba ya Tanzania Lubumbashi, ikaipiga tena Dar es Salaam. Simba hawakurusha mawe. Walipeleka malalamiko kwamba Janvier Besala Bokungu hakuwa na haki ya kuchezea Mazembe. CAF ikaitoa Mazembe kwenye mashindano. Feza ya mwenye timu haikusaidia kitu, kwa sababu kanuni ilikuwa imeandikwa na mlalamikaji aliifuata.

Njia ya pili tunaijua vilevile. Tarehe 11 Mei 2014, kiwanja cha Tata Raphaël, Kinshasa, V.Club ilikuwa inacheza na Mazembe hiyo hiyo. Mashabiki walirusha vitu, polisi wakapiga gesi ya machozi, watu wakakanyagana. Walikufa watu 15. Hakuna goli lenye bei hiyo. Na kwetu, ambako kumfikisha majeruhi hospitali ni safari, wazazi wangekuwa wa kwanza kuliona jambo hili.

Kuna mchezo mwingine ambao wengi hapa hawajauona: raga. Watu wazito wanagongana kwa vifua dakika 80, lakini arbitri hazungukwi na kundi. Kapteni ndiye anayesema naye. Mchezaji akibisha, arbitri anaweza kuisogeza adhabu mita 10 mbele. Kwenye Kombe la Ulaya la 2024 mpira nao ulitumia utaratibu wa kapteni peke yake kuuliza. Hii haihitaji kamera wala umeme. Inahitaji kapteni mwenye adabu na komite yenye msimamo. Inaweza kuanza Kabambare wiki ijayo.

Wenye timu watajibu: "Bila sisi hakuna mpira." Ni kweli, wanatoa, na wanaotoa washukuriwe. Lakini mfuko wa mtu mmoja si msingi wa timu. Wasps, timu ya raga ya Uingereza iliyoanzishwa 1867, ilivunjika 2022 kwa madeni, baada ya zaidi ya miaka 150. Worcester ilianguka mwaka uleule, London Irish ikafuata 2023. Huku kwetu, jezi zinakuja uchaguzi ukikaribia. Ukipita, hata mpira wa kufanyia mazoezi unakosekana. Timu iwe na wanachama, komite yake na daftari lake la feza. Mkubwa awe mfazili, asiwe mwenye watu.

Tena, mtu mmoja asiwe na timu 2 katika kombe moja. Mwaka 2025 FIFA iliitoa Club León ya Meksiko kwenye Kombe la Dunia la Klabu kwa sababu mwenye León alikuwa pia mwenye Pachuca. Ikiwa hiyo ni kanuni kwa matajiri wa Meksiko, itashindikana vipi Kasongo?

Kinachoombwa si kikubwa. Feza ya maarbitri iwekwe kwenye sanduku la pamoja kabla ya mechi ya kwanza, kila timu itoe sawa. Majina yao yapigiwe kura mbele ya makapteni. Timu ya Kasongo ikikutana na ya Kabambare, arbitri atoke Kibombo au Pangi. Gharama ya njia ni kubwa, lakini mechi iliyovunjika inagharimu zaidi. Mwenye timu na ndugu zake wasikae kwenye komite ya mashindano. Malalamiko yaandikwe, yapewe siku ya mwisho, na jibu lisomwe kwenye redio ya mji ili kila mtu asikie.

Komite itakayokataa mambo haya iwaeleze wakaaji sababu yake kabla ya kombe lijalo, si baada ya fujo. Na mwenye timu anayejiamini kwamba vijana wake wanajua mpira, hana sababu ya kumlisha arbitri.