Fedha ya Pamba Inunue Gambuti Kwanza

Msimu wa ununuzi wa pamba ukishafunguliwa, Nkoma huchangamka. Fedha ikipokelewa, orodha ya mahitaji huwa ndefu: deni la dukani, sare za watoto, mabati ya nyumba, pengine na ndama wa kuongeza zizini. Hatumlaumu mkulima kwa hayo, maana jasho ni lake. Lakini katika orodha hiyo ni nadra kuona gambuti na glavu za kupulizia dawa.

Ndugu msomaji, pengine unashangaa ukurasa wa afya kuzungumzia manunuzi. Tunafanya hivyo kwa sababu ugonjwa tunaoutaja leo huanzia kwenye kitu ambacho hakikununuliwa.

Sisi sote husema "dawa ya pamba", na jina hilo hutupumbaza. Dawa humponya mtu. Hii ni sumu, imetengenezwa ili iue mdudu, nayo haichagui ngozi ya kuiangukia. Wengi hudhani sumu huingia kwa pua na mdomo tu, kwa hiyo hufunga kitambaa usoni na kuingia shambani miguu mitupu. Kumbe anayepulizia hupata sehemu kubwa ya sumu kupitia ngozi: mikono wakati wa kuchanganya, miguu wakati wa kupita kwenye majani yaliyolowa, na mgongo pale mfuniko wa bomba unapovuja.

Jioni mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutoka jasho jingi na mate, tumbo humsokota, macho huona ukungu na mikono hutetemeka. Nyumbani husema ni malaria, na vidonge hununuliwa bila kupima. Kesho yake hurudi shambani na bomba lile lile. Wapo watakaotuambia kuwa wazee walipulizia miguu peku na bado wamezeeka. Hao waliozeeka tunawaona. Lakini waliodhurika nani aliwahesabu, ikiwa kila mara iliitwa malaria?

Kwa nini basi gambuti hazinunuliwi? Kwa maoni yetu si ubishi wa wakulima, bali ni kalenda. Fedha ya pamba huja katikati ya mwaka. Mbegu hupandwa Novemba na Desemba, na kupulizia hufuata mwanzoni mwa mwaka mpya, wakati mfuko umekauka. Mara nyingi ekapaki ya sumu huweza kupatikana kwa mkopo na kukatwa kwenye mauzo, lakini gambuti hazikopeshwi. Ndivyo mkulima anavyoingia shambani akiwa na sumu mgongoni na hana kitu miguuni.

Shauri letu ni hili: nunua vifaa siku ile ile unapopokea fedha, kabla hujapita mnadani. Usiseme "nitanunua Januari". Kama anayepulizia nyumbani ni mmoja, seti moja yatosha. Tena gambuti zikitunzwa hudumu misimu kadhaa. Gawa bei yake kwa misimu hiyo, kisha linganisha na nauli ya kumpeleka mgonjwa Bariadi na siku za palizi zitakazopotea.

Unaponunua, uwe na macho. Gambuti ziwe ndefu, zisizo na ufa, na suruali ivaliwe juu yake, isichomekwe ndani, ili sumu isitiririke mguuni. Glavu ziwe za mpira mzito, zisizo na kitambaa ndani. Glavu za kitambaa au ngozi hunyonya sumu na kuishikilia mkononi, na zile nyembamba za hospitali huchanika upesi. Kabla ya kulipa, jaza glavu upepo, uikunje mdomo na kuibana. Ikisinyaa ina tundu. Shati la mikono mirefu na suruali nzito vipo nyumbani, hivyo vitenge kwa kazi hiyo tu na vifuliwe peke yake. Kipande cha nailoni mgongoni, chini ya bomba, hakigharimu kitu kikubwa. Kitambaa cha usoni kisikudanganye, kwani hakizuii mvuke wa sumu. Afadhali upulizie asubuhi au jioni upepo ukiwa mdogo, na usiukabili upepo.

Sumu yenyewe nunua katika chombo kilichofungwa, chenye lebo na namba ya usajili. Usinunue iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Tazama mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndiyo kali kupita zote, hufuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Hata ya kijani ni sumu.

Wengine hunywa maziwa kabla ya kupulizia wakiamini ni kinga. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii sumu. Mtu akidhurika, mtoe shambani, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, usimtapishe, na mpeleke zahanati pamoja na lebo ya sumu ili mganga ajue la kufanya. Chombo kitupu kisichotewe maji wala kuwekewa mafuta ya kula, hata kikioshwa mara ngapi.

Wazazi tunawasihi pia: kuchanganya na kupulizia sumu si kazi ya mtoto, hata akiwa amefunga shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kupewa kazi za hatari.

Mwisho tuna neno kwa viongozi wa AMCOS. Mkiweza kupanga hesabu ya ekapaki kwa kila mwanachama, mwaweza pia kupanga ya gambuti na glavu, zikanunuliwa kwa pamoja na kukatwa kidogo kidogo kwenye mauzo. Mwanachama mwenye afya ndiye atakayeleta pamba kwenye mizani mwakani. Nasi wakulima tusiwasubiri. Fedha ya msimu huu ikiingia mkononi, gambuti ziwe za kwanza katika orodha, ndama afuate.