Mshahara wa Mama Haumnyimi Mtoto Maziwa

Kila wiki ya kwanza ya Agosti, inapofika Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, wimbo ni uleule. Redioni, kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwenye mahubiri, anasimamishwa kizimbani mama anayefanya kazi. Ametanguliza pesa. Amemwachia mtoto dada wa kazi na kopo la maziwa. Anaogopa matiti yatalala. Kisha hukumu inasomwa kwa upole, kama wosia wa mzazi: mwanamke anayempenda mwanawe angetulia nyumbani amnyonyeshe.

Hukumu hiyo ni ya uongo, na inawaumiza watoto walewale inaodai kuwatetea.

Tuanze na bibi zetu, maana ndio wanaotolewa mfano. Eti wao walikaa nyumbani. Nyumba ipi? Bibi aliyejifungulia Songea au Sumbawanga alirudi shambani mtoto shingo haijakaza, akiwa naye mgongoni kwenye mbeleko, au amemlaza juu ya khanga chini ya mti huku dada mtu wa miaka saba akimfukuzia nzi. Alipanda, akapalilia, akachota maji, akatwanga, akarudi na mzigo wa kuni kichwani. Hakuna aliyesema anamdhulumu mtoto, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa na malipo. Lawama ilianza mwanamke alipoanza kushika pesa yake mwenyewe mkononi, na hilo peke yake lingetosha kututia shaka juu ya nia ya wanaolaumu.

Wala zama hizo hazikuwa za maziwa ya mama pekee. Pwani kichanga kilinyweshwa maji na dawa ya mchango kikiwa na siku chache tu. Bara kililambishwa uji kabla hakijajua kujigeuza. Hata baadaye sana, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulikuta kwamba nchini Tanzania ni asilimia 41 tu ya watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya bila kuongezewa kitu kingine. Mwaka 2010 wakawa asilimia 50, mwaka 2015/16 asilimia 59, mwaka 2022 asilimia 64. Kenya waliruka zaidi: kutoka asilimia 13 mwaka 2003 hadi 61 mwaka 2014. Katika miaka yote hiyo wanawake wetu hawakuacha vibarua, ofisi wala biashara. Kilichobadilika ni mafunzo ya kliniki, wakunga waliojifunza kumsaidia mama tangu saa ya kwanza, na kanuni za kuzibana kampuni za maziwa ya kopo. Kazi ya mama ingekuwa ndiyo adui, takwimu hizo zingeporomoka.

Sikatai kwamba ipo kazi inayokatiza unyonyeshaji. Ipo, na inajulikana ilipo. Watafiti waliofuatilia watoto wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya Nairobi, walieleza mwaka 2011 kwamba waliolelewa kwa maziwa ya mama pekee hadi miezi sita kamili walikuwa kiasi cha asilimia 2. Kipimo chao kilikuwa kikali kuliko cha takwimu za kitaifa, lakini hata hivyo ni asilimia 2! Miongoni mwa wanaotafuta riziki huko ni wanawake wa kufua nguo za watu kwa malipo ya siku. Asipofua leo, leo hakuna chakula. Hana likizo ya uzazi ya kuidai, wala mwajiri wa kumshtaki. Mwambie huyo aache kazi amnyonyeshe mwanawe, naye atakuuliza yeye mwenyewe atakula nini ili maziwa hayo yatoke. Mama anayenyonyesha huhitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, na hazitoki kwenye nasaha.

Mwenye ajira rasmi naye tumwangalie kwa haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama wa Tanzania siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Wizara ya Afya ya nchi hiyohiyo inamwagiza kliniki amnyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi sita, yaani siku 180 hivi. Toa 84, zinabaki karibu siku 96 ambazo serikali imempa mama agizo bila kumpa njia. Akishindwa kuziba pengo hilo, tunasema ni yeye hakujitoa.

Watetezi wa sheria watasema zipo saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Ni kweli, zimeandikwa, na wanawake wengi hawajawahi kuambiwa kwamba ni haki yao. Lakini chukua mama anayekaa Chanika na kufanya kazi Posta. Saa mbili hizo zote zinaliwa na daladala, safari ya kwenda tu, na hajamgusa mtoto bado. Kinachomfaa ni pale alipo: chumba chenye mlango unaofungika, kiti, sinki na friji, ili akamue maziwa kwa utulivu na kurudi nayo jioni, mtoto ayanywe kesho yake kwa kikombe. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Titi lisiponyonywa wala kukamuliwa kutwa nzima hujaa, huuma, hulowesha blauzi, kisha baada ya wiki kadhaa uzalishaji hupungua. Halafu jirani anasema maziwa yake mepesi. Kenya wameliweka jambo hili kwenye Sheria ya Afya ya mwaka 2017: mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Huku kwetu mama anakamua chooni, amesimama, simu ya bosi ikiita.

Kopo nalo, ambalo anaambiwa amelikimbilia kwa uvivu, ni adhabu kwa mfuko wake. La gramu 400 halimalizi wiki kwa mtoto wa miezi minne. Hakuna mwenye akili anayeacha chakula ambacho mwili wake unakitengeneza, akaenda kununua kingine kwa bei hiyo, kama hajabanwa.

Ushahidi unaonitia uchungu kuliko wote unatoka Nyanda za Juu Kusini. Iringa, Njombe na Rukwa zinalisha nchi. Mwaka 2022 zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wa Iringa walikuwa wamedumaa, na Njombe na Rukwa walikuwa takriban nusu. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30, na Dar es Salaam, jiji la akina mama wanaoondoka alfajiri kufuata mishahara na magenge, lilikuwa chini sana ya hapo. Sababu za udumavu ni nyingi, na sidai kwamba ajira huurefusha mgongo wa mtoto. Lakini nadharia ya mama-akae-nyumbani inaanguka hapo hapo. Mama wa Iringa hafanyi kazi ya ofisini. Anafanya kazi ngumu zaidi, jua hadi jua, bila malipo, na mtoto aliyevuka miezi sita anabaki na uji mweupe asubuhi na kiporo mchana, akilishwa na mtoto mwenzake. Mahindi yapo ghalani. Yai, maharage na dagaa vinataka pesa, na pesa ya mavuno mara nyingi haikabidhiwi yeye. Mama mwenye kipato chake hununua dagaa bila kuomba ruhusa.

Kisha tumtazame dada wa kazi, tunayemtaja kana kwamba ni kifaa. Mara nyingine naye ni mama. Ameacha kwa bibi kijijini mtoto wa mwaka mmoja, au mdogo zaidi, ili amlee wa mwenzake mjini. Sijawahi kusikia mhubiri wa unyonyeshaji akiuliza mtoto wa huyo anakula nini.

Na baba? Sheria inampa siku 3. Siku tatu, ambazo nyingine huishia kwenye foleni ya kusajili kizazi. Mtu anayeweza kumletea mama mtoto kazini saa ya mapumziko, kuosha vikombe, kupika ili mwenziwe anyonyeshe akiwa ameketi, tumemwondoa kwenye hesabu kabisa, halafu hesabu isipotimia tunamwadhibu mama.

Kwa hiyo tuwaelekee wenye mamlaka. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14. Sisi tuna 12. Bunge lizifikishe huko, kisha lisogee kuelekea miezi sita, na malipo yatoke kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii ili mwajiri mdogo asiogope kumwajiri msichana. Kwa mama lishe na mama wa genge, ambao sheria ya ajira haiwagusi, pa kuanzia ni halmashauri. Zinakusanya kwao ushuru kila siku, na zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kati ya hizo kwa wanawake. Zinawachukulia wanawake hao kuwa wafanyabiashara wakati wa kutoza na wakati wa kukopesha. Basi soko jipya likichorwa, chumba cha watoto wachanga kiwe kwenye ramani pamoja na vyoo na maegesho, chenye mlezi anayelipwa, karibu na majiko yalipo. Mchoro usio na chumba hicho usipitishwe.