Likizo ya Familia Ianze na Hamu ya Mama

Ndugu wanachuo, boom likiingia tunajua kupanga: simu, viatu, mtoko wa Ijumaa. Safari ya familia tunaiona ni mambo ya wazungu au wenye pesa. Mimi nakataa.

Kwetu Zirai, milima ya Usambara, watalii hutoka mbali kuja kuuona msitu wa Amani. Mama yangu, mkulima wa iliki, amefika Tanga mara nyingi kwa soko na hospitali. Kukaa ufukweni apumzike, bado. Na Muheza mjini hadi Tanga hata kilomita 50 hazifiki!

Wenzetu Marekani, tangu American Airlines ilipoanzisha mpango wa AAdvantage mwaka 1981, wamezoea kukusanya pointi na kuzigeuza tiketi. Si vibaya, ila pointi zina ujanja wake: unatumia zaidi ili uzipate, halafu unakwenda zinakokupeleka zenyewe. Sisi tuanze upande wa pili. Muulize mama anatamani nini. Akisema bahari, usimpeleke mbugani eti kwa sababu picha zitanoga status.

Kisha hesabu. Watoto watatu mkitia kibubuni 2,000 kila wiki, wiki 30 zinawapa 180,000. Mtandao wa simu ukikupa bando kwa pointi zako, ile pesa ya bando itie humo humo. Hapo ndipo pointi zina faida. Nendeni baada ya masika, maana Machi hadi Mei barabara zetu ni tope. Mkifikia kwa ndugu Tanga, beba iliki na mdalasini, mkono mtupu haulambwi. Gesti mmeokoa. Mkitaka mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni, ulizeni kiingilio cha raia na cha mwanafunzi kabla ya kutoa hela.

Kuna atakayesema: ngoja nipate kazi kwanza, nimtoe mama kwa heshima. Jamani, sisi wa ualimu foleni ya ajira tunaijua. Miaka inakatika, na magoti ya mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani hayasubiri barua ya kupangiwa kituo. Bahari haidai kadi ya benki. Inadai nauli, siku mbili, na mtoto aliyemuuliza mama yake anataka nini.