Mzee akisema anaumwa oxter

Juni 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuzipa lugha mbili za nchi hiyo, Kiskoti na Kigaeli, hadhi ya lugha rasmi. Niliifurahia habari hiyo kama mwenyeji, ingawa mimi ni mzaliwa wa Muheza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee huku Aberdeenshire, kaskazini mashariki mwa Uskoti, na kwa kazi hiyo nina kipimo changu cha sheria ya lugha. Nauliza hivi: mzee anapotaja mahali panapomuuma kwa neno alilofundishwa na mama yake, aliye mbele yake anamwelewa?

Chukua neno moja tu, oxter. Hutamkwa "oksta", na maana yake ya kwanza ni kwapa. Ni neno kongwe, na wazee wa huku wamelipeleka mbali sana na kwapa lenyewe. Mfuko wa ndani wa koti, ule wa kifuani unaowekewa pochi, umepewa jina kutokana nalo. Aliyefutika gazeti amelitia chini ya oxter. Aliyeelemewa na kazi au madeni, husemwa amezama hadi makwapani. Aliyevunjika moyo hutembea na kichwa chini ya kwapa. Mtoto akilia, bibi yake humvuta akamweka katika oxter yake, yaani humkumbatia ubavuni.

Kisha neno hilohilo ni kitenzi. Kumfanyia mtu oxter ni kupitisha mkono wako chini ya wake mkaenda pamoja. Hufanyiwa hivyo mgonjwa aliyetoka kitandani, mlevi anayerudishwa nyumbani, mjane anayetoka makaburini, na mchumba jioni ya matembezi. Robert Burns, mshairi wao mkuu aliyefariki mwaka 1796, alilitumia katika wimbo wake "Meg o' the Mill" kumsema kasisi aliyeshikiliwa siku ya harusi. Sisi Waswahili kwapa letu ni la kufutikia vitu. Wao wamelifanya pia la kushikana, nami nawapongeza kwa hilo.

Maana hizi zina uzito katika kazi yangu kila siku. Wahudumu tunafundishwa tangu mwanzo kwamba ni marufuku kumnyanyua mtu kwa kumshika makwapani. Bega la mzee ni dhaifu, na kwapani hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu inayoshuka hadi vidoleni. Ndiyo sababu hata anayetembelea magongo marefu huambiwa auweke uzito wake viganjani; akiegemea kwapani siku nyingi, mkono huweza kufa ganzi na kiganja kikalegea. Mhudumu asiyelijua neno hili vizuri akiambiwa na mzee, "Nifanyie oxter hadi dirishani," atadhani anaombwa kumwinua, na atakataa kwa sababu kanuni inamkataza. Kumbe mzee ana miguu yake. Anachotaka ni mtu wa kuandamana naye.

Yupo mama mmoja aliyefanya kazi ya kukata samaki viwandani Peterhead tangu ujana wake. Yeye huniita "quine", msichana, nami moyoni namwita bibi. Wakati mmoja alilalamika kwa daktari kijana kwamba ubavu unamuuma. Daktari alimpima ubavu kwa makini, hakuona kitu. Jioni mwenzangu, mwenyeji wa mji huohuo, alimuuliza kwa lugha yao, na bibi akainua mkono: oxter. Tezi ya kwapani ilikuwa imevimba kwa sababu ya kidonda kidogo cha kidoleni kilichotunga usaha. Alipata dawa, akapona. Kwapa si mahali pa kubahatisha. Tezi zake hupokea majimaji ya mkono na ya titi, na uvimbe wake unaweza kuwa habari ya kidonda, au habari kubwa zaidi.

Nilipomuuliza bibi kwa nini hakumtajia daktari neno lake, alijibu kwamba lile ni neno la nyumbani, si la kumwambia daktari. Jibu hilo liliniuma, kwa sababu nililijua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mbondei. Kila alipofikishwa hospitali aliacha Kibondei mlangoni, akahangaika kuueleza mwili wake kwa Kiswahili cha kuazima. Nusu ya ugonjwa wake ilibaki bila kusemwa.

Aibu hii ina mahali ilipotoka. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 ilimlazimu kila mtoto wa Uskoti kwenda shule, na lugha ya shule ilikuwa Kiingereza. Nidhamu ililindwa kwa mkanda mzito wa ngozi uliochanwa mikia, na mikanda iliyosifika ilitengenezwa katika mji wa Lochgelly, Fife. Mtoto alikunjua viganja, akachapwa. Makosa yalikuwa mengi, na kuropoka Kiskoti mbele ya mwalimu lilikuwa mojawapo. William McIlvanney, katika riwaya yake "Docherty" ya mwaka 1975, anamwonyesha mtoto wa mchimba makaa akipigwa kwa sababu ya neno moja la kwao. Mkanda uliondolewa katika shule za serikali mwaka 1987. Wazee ninaowahudumia walimaliza shule zamani kabla ya hapo, na somo lile bado liko viganjani mwao.

Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi watoto wa shule walivyoadhibiwa kwa kusema Kigikuyu. Kule kwao pia upo mji wa Thogoto, na jina hilo ni matamshi ya Wagikuyu ya jina la Waskoti, wamisionari walioweka kituo chao hapo. Taifa lililotuletea walimu lilikuwa na watoto wake waliochapwa kwa lugha ya mama zao.

Na lugha hiyo iliyochapwa haina upungufu wowote. Madaktari hapa huandika "axilla" wanapolitaja kwapa, na kila mtu huona ni neno la wasomi kwa kuwa ni la Kilatini. Oxter ni la ukoo huohuo. Lilitoka katika Kiingereza cha kale na ni ndugu wa "oksel" la Waholanzi, na wanaisimu hulirudisha pamoja na axilla kwenye shina moja. Neno la daktari na neno la mkata samaki ni watoto wa babu mmoja. Mmoja alipelekwa shule, mwingine akachapwa mlangoni. John Jamieson alichapisha kamusi kubwa ya Kiskoti mwaka 1808, na kati ya 1931 na 1976 ikatoka nyingine ya juzuu 10. Leo maneno hayo yanapatikana bure mtandaoni. Kwa hiyo anayesema Kiskoti ni Kiingereza kilichoharibika hajafungua kamusi.

Wala si lugha ya watu wachache. Katika sensa ya mwaka 2022, zaidi ya watu milioni 1.5 walisema wanazungumza Kiskoti, katika nchi ya watu wapatao milioni 5.4. Wengi wao watazeeka, na watahudumiwa na watu kama mimi, tuliotoka Tanzania, Kenya, Ufilipino, Nigeria na India. Tumekuja na vyeti vya Kiingereza. Hakuna aliyetutahini kwa maneno ya bibi wa Peterhead.

Ninachotaka kinaweza kufanyika bila bajeti kubwa. Mafunzo ya mhudumu mpya yawe na orodha ya maneno ya mwili ya pale anapofanya kazi: oxter kwapa, wame tumbo, kist kifua, thrapple koo, lug sikio, hoast kikohozi. Faili la mgonjwa liandike neno alilolisema yeye, kisha ndipo lifuate la daktari. Na mzee asisahihishwe. Anayeeleza maumivu yake hayuko darasani.

Nawaambia hivyohivyo wadogo zangu wauguzi wa nyumbani, mnaopangiwa zahanati mbali na kwenu, kwa Wasukuma, kwa Wamakonde, kwa Wahaya. Wiki ya kwanza, kabla hamjazoea njia ya sokoni, waombeni wenyeji wawatajie viungo vya mwili kimoja kimoja, mviandike na kuvikariri. Dawa mnazo, vipimo mnavyo. Lakini wa kuwaonyesha pa kuvielekeza ni mgonjwa, naye atawaonyesha kwa lugha yake.