Korongo Halisahau Njia Yake



Mafuriko ya ghafla yanapotupata, wengi husema ni mkosi. Sivyo. Hapa Kibakwe, karibu na safu ya milima ya Rubeho, chanzo chake chajulikana. Kiangazi kirefu huifanya ardhi kuwa ngumu. Mvua kubwa ikinyesha kwa muda mfupi, maji hayapati nafasi ya kupenya. Huporomoka kwenye miteremko mikali na kukusanyika katika makorongo membamba. Ndiyo maana korongo kavu laweza kufurika hata pasiponyesha kijijini: mvua imenyesha mlimani.

Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji yaliharibu reli kati ya Gulwe na Kilosa. Tarehe 3 Desemba 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80 huko Katesh na vijiji jirani.

Mvua haina upendeleo, sisi tunao. Mnyonge ndiye apewaye kiwanja kando ya korongo. Haki yadai kwamba ardhi isigawiwe penye njia ya maji, na aliyekwisha kujenga hapo asihamishwe kabla ya kupewa mahali pengine.