Waya Mmoja, Makosa Mawili



Wapenzi wasomaji, safu hii imezoea kukaa sebuleni na jikoni. Juma hili tunawaomba mtusindikize nje kidogo, hadi penye pikipiki iliyoegeshwa chini ya mwarobaini. Nyumba nyingi leo, za pwani na za bara, zinakula kwa jasho la pikipiki, na kinachoharibika juu ya chombo hicho aghalabu hurudi kuulizwa ndani ya nyumba.

Hivi majuzi tulifunga safari kwenda kumjulia hali mtoto wa kaka yetu, aliyehamia upande wa Mutomo, kaunti ya Kitui, akaoa huko na kujaaliwa watoto wawili. Tulipanda basi Mombasa, tukapita Mtito Andei, tukashuka Kibwezi katika kaunti ya Makueni, kisha tukachukua gari dogo la kuvuka Mto Athi na kupitia Ikutha. Kijana wetu ni mwendesha bodaboda. Hubeba abiria na magunia ya pojo kutoka vijiji vya kando, huko lami inakokoma na vumbi jekundu kuanza. Na Jumamosi hupeleka watoto madrasa.

Juu ya pikipiki yake amefunga redio ndogo yenye amplifaya na spika mbili. Ndani ya mfuko juu ya tangi huweka MP3, kile kichezeshi kidogo cha mkononi, na kuiunganisha na redio kwa waya. Ndani yake mna kisomo cha Qur'ani, mawaidha, kasida, na, hatufichi, benga za Kikamba ambazo abiria wake huziomba.

Tulikaribishwa kwa muthokoi na nyuso za bashasha, lakini kabla ya chai ya pili tulijua kwamba nyumba ilikuwa na neno. MP3 ya kwanza "ilikufa". Akanunua ya pili, nayo ikaanza kufa vilevile. Sasa alitaka kununua ya tatu, na mkewe akasema fedha zilizobaki ni za viatu vya shule vya mtoto. Mume akaona hasikilizwi. Mke akaona nyumba inashindana na redio. Kila mmoja alituvuta kando kutueleza kisa chake, nasi tukamsikiliza kila mmoja bila ya kuhukumu.

Usiku wa pili, saa nne ikikaribia, jirani mjamzito alishikwa na uchungu. Mumewe alikuwa safarini, na gari halikupatikana. Kijana wetu aliikimbilia pikipiki, akabonyeza stata, kimya. Akabonyeza honi, kimya. Mchana kutwa alikuwa ameketi steji akisubiri abiria, injini imezimwa na redio inaimba. Alipiga kiki mara nyingi hata injini ikashika, akaondoka na mama yule katikati na mkewe nyuma akimshikilia, jambo tusilolipendekeza ila dharura ina hukumu zake. Wakaishika njia ambayo mbuzi huvuka bila ya kubisha hodi, nao hawana honi wala taa za ishara. Alhamdulillahi, walifika hospitalini, na mama na mtoto wako salama. Lakini aliporudi alfajiri hakuwa na furaha ya mtu aliyetenda wema. Aliketi kizingitini akatuambia, "Shangazi, lau kiki ingekataa, ningemwambia nini mume wake?"

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa redio Mombasa, na utotoni sisi ndio tuliokuwa tukimshikia kurunzi. Kanuni yake ilikuwa moja: tenganisha vitu, ukijaribu kimoja peke yake, na uanze na kilicho rahisi kukibadilisha. Asubuhi ile, kijana wetu na mkewe wakiwa pamoja nasi chini ya mwarobaini, tulifuata kanuni hiyo.

Kwanza tuliitoa MP3 kwenye pikipiki, tukaisikiliza kwa spika za masikioni. Ikaimba safi, kulia na kushoto. Tukamwomba mkewe aitafute ile ya kwanza, iliyotupwa ndani ya kabati. Tuliichaji kidogo, nayo ikaimba. Wote wawili walitazamana. MP3 mbili zilizoshitakiwa zilikuwa nzima.

Kisha tuliirudisha MP3 mahali pake, tukawasha injini. MP3 ilikuwa imechomekwa kwenye chaji ya pikipiki, na mara tukasikia ule mluzi aliokuwa akiulalamikia: injini ikiongezwa kasi nao unapanda, ikipunguzwa nao unashuka. Tukachomoa chaji. Mluzi ukakoma papo hapo, lakini likazuka ajabu jingine. Katika kasida, matari yalibaki yakilia kwa mbali na sauti za waimbaji zikatoweka, kana kwamba wametumbukia kisimani. Tulipoweka kisomo cha Qur'ani, redio karibu ilinyamaza kabisa. "Ndivyo ilivyo," akasema kijana, "bila ya chaji haiimbi. Betri yake ya ndani imekufa." Hapo ndipo alipopotea njia, na yeyote kati yetu angeweza kupotea pale pale.

Maelezo ni haya. Waya unaotoka kwenye MP3 kwenda kwenye redio una njia tatu ndani yake: ya sauti ya kushoto, ya sauti ya kulia, na njia moja ya kurudia ambayo pande zote mbili huitumia kwa pamoja. Sauti ya msomaji au mwimbaji mkuu kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote mbili. Njia ya kurudia ikikatika, yale yaliyo sawa kushoto na kulia hufutana, na husikika tu yale yanayotofautiana, kama vile tari lililoelemea upande mmoja. Kisomo kilichorekodiwa sawa kabisa pande zote mbili hakiachi kitu cha kusikika.

Chaji ilipochomekwa, sauti ilipata njia nyingine ya kurudia: ilipita kwenye waya wa chaji na mwili wa pikipiki. Maneno yakarudi; lakini njia hiyo ndiyo inayopitisha umeme wa injini, hivyo sauti ilirudi imebeba kelele za mtambo unaochaji betri. Kosa lilikuwa moja, waya uliokatikia shingoni kwa mtikisiko wa barabara, nalo lilivaa nguo mbili. Ukichomeka chaji, unasikia mluzi. Ukichomoa, maneno yanapotea. Aliponunua MP3 ya pili aliifunga kwa waya ule ule, na bila shaka ugonjwa ukahamia kwake.

Tulinunua waya mpya dukani Mutomo kwa fedha ambazo hazikumzuia mtoto kupata viatu. Maneno yakarudi bila ya chaji, na hata chaji ilipochomekwa mluzi ulikuwa mdogo sana. Kwa kilichosalia, dawa nyepesi ni kuichaji MP3 nyumbani na kuiacha itumie betri yake njiani. Asiyeweza kufanya hivyo amwombe fundi aufunge waya mweusi wa redio moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri, si kwenye chuma chenye rangi au kutu, na azipitishe nyaya za sauti mbali na waya wa plagi ya injini. Waya wenyewe uachwe na ulegevu kidogo na ufungwe kwa mkanda karibu na ncha zake, ili mtikisiko usiishie kwenye shingo yake.

Lakini waya haukuwa ndio ulioizima honi usiku ule. Tulipofunua kiti tukaona waya mwekundu wa redio umeungwa moja kwa moja kwenye betri, haupitii ufunguo wala fyuzi. Hapa pana hesabu ambayo kila mke wa mwendesha pikipiki anaweza kuifanya kwa kidole juu ya mchanga. Chukua betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 5 kwa saa. Amplifaya inayotumia wati 12 huchukua ampea 1. Kwa hesabu tupu betri imekwisha baada ya saa 5, na kwa kweli stata hudhoofika mapema zaidi. Amplifaya ikitumia wati 24, muda huo unagawanywa kwa mbili. Injini iliyozimwa hairudishi chochote.

Fundi alihamisha waya ule kwenye njia inayopata umeme ufunguo unapowashwa tu, akaweka fyuzi karibu na betri. Fyuzi iwe ya kiwango kilichoandikwa kwenye redio, na ikiungua isibadilishwe kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara: karatasi hiyo haiungui kwa wakati, na badala yake huungua nyaya zilizo chini ya tangi la petroli. Kisha akapima kwa mita. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takribani volti 12.6. Injini ikikimbia, hupanda kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haichajiwi. Ikivuka 15, regyuleta ni mbovu na itaua redio, taa na betri pia. Zaidi ya hayo tuliwekeana sharti moja: steji, injini ikizimwa, redio nayo inazimwa.

Yamkini kwenu tatizo ni jingine: sauti ni safi, ila MP3 au redio haisomi mafaili. Yatazameni mambo mawili. Kadi za kumbukumbu zinazozidi gigabaiti 32 huuzwa zikiwa zimeandaliwa kwa mpangilio ambao redio nyingi ndogo haziujui. Chukueni ya 32 au chini yake. Fundi akisema kadi "ifomatiwe", jueni kwamba kila kilichomo kitafutwa, basi nakilini kwanza mahali pengine. Kasida itapatikana tena sokoni; sauti ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki haipatikani. Pili, mawaidha yanayotumwa kama ujumbe wa sauti kwa WhatsApp hayako katika muundo wa MP3, na vyombo vingi vidogo huyapita kana kwamba hayamo. Programu ya simu huweza kuyageuza kabla ya kuyahamisha.

Sauti ikikwaruza, msikimbilie kubadilisha spika. Ipunguzeni MP3 hadi kama robo tatu ya nguvu yake, kisha muongezee kwenye redio. Sauti ikitoka imekwisha kuvunjika, amplifaya huzikuza nyufa zake tu.

Lipo pia la masikio na la jirani. Shirika la Afya Duniani linaona kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila ya kuhatarisha masikio; ikifika 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Mwendesha bodaboda ana kelele ya injini na ya upepo kabla hata hajagusa redio. Spika za masikioni asizivae kabisa akiwa barabarani, maana lori linalomjia nyuma halitamsubiri amalize kasida. Nchini Kenya zipo Kanuni za Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2009. Lakini apitaye penye msiba, hospitali au msikiti hahitaji kanuni ili apunguze sauti.

Siku ya kuondoka, kijana wetu alitupeleka kituoni mwenyewe. Kabla ya kuwasha alibonyeza honi, ikalia. Akajaribu taa za ishara, zikawaka. Kisha ndipo alipoiwasha redio, kwa sauti ya chini. Mkewe alikuwa mlangoni, na mtoto kando yake amevaa viatu vipya ingawa siku ile hapakuwa na shule.

Enyi kina mama, mara nyingi kinachonunulika dukani ndicho tunachokilaumu, kwa kuwa kununua ni kwepesi kuliko kuchunguza. Kabla fedha za nyumba hazijatoka kwa ajili ya chombo kipya, ombeni saa moja ya mchana, mkae pamoja na mwenye pikipiki, mjaribu kitu kimoja baada ya kimoja. Na wenye waume, kaka na wana walio barabarani, waulizeni jioni ya leo: waya wa redio umeungwa wapi, na honi inalia?

Mwenyezi Mungu awarejeshe salama wote wanaotoka alfajiri kutafuta riziki. Wabillahi tawfiq.