Ua la Kwenye Ua

Nyua nyingi za Afrika Mashariki zina ua ambalo wapita njia huliona bila kulitazama: petali tano za rangi ya chungwa, na katikati tundu jeusi kama mboni ya jicho. Mmea wenyewe hujisokota kwenye michongoma na nyaya, na siku ya kusafisha ua hufyekwa pamoja na magugu mengine. Wataalamu wa mimea huuita Thunbergia alata. Hoja yangu ni kwamba mmea huu unastahili kusiwa kwa makusudi, hasa kwenye nyanda za baridi kama Njombe, Lushoto na Limuru, na kwamba tumeupuuza kwa sababu moja tu: tumezoea kudhani kuwa ua la bustani lazima liwe limekuja na meli.

Hili lilipanda meli likaondoka. Mwaka 1824 Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Bohemia aliyeishi Mauritius, alizuru pwani yetu. Mwaka uliofuata John Sims akalitangaza jina la mmea huu katika jarida la mimea la Uingereza. Alata ni Kilatini, maana yake “wenye mabawa”: chuma jani moja uone kikonyo kilivyopanuka pande zote mbili. Tangu hapo Waingereza wamekuwa wakiulea kwa taabu. Mbegu husiwa Machi au Aprili ndani ya nyumba, penye joto la nyuzi kama 20, na huchukua wiki mbili au tatu kuchipua. Miche haitolewi hadi mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, na hata hapo hutangulia kuzoeshwa: mchana nje, usiku ndani, siku kadhaa mfululizo. Maua huanza Julai. Sakitu ya kwanza ikianguka, kwa kawaida Oktoba, mmea wote hufa, na mwaka unaofuata kazi huanza upya. Kwetu, pasipo na sakitu, mmea huohuo huishi miaka. Watu hawarudii kazi ya namna hiyo kila mwaka kwa ajili ya gugu.

Jambo la kuiga kwao ni utaratibu wa mbegu, kwa kuwa joto la kununua hatulihitaji. Tunda la mmea huu ni la duara kwa chini, na juu lina ncha ndefu kama mdomo wa ndege. Likikauka sawasawa hupasuka ghafla na kurusha mbegu mbali, hivyo anayelisubiri likauke mtini huambulia ganda. Lichumwe linapoanza kugeuka kahawia, limalizie kukauka ndani ya bahasha ya karatasi. Mbegu ni ngumu na upande mmoja imebonyea. Kuiloweka usiku mmoja husaidia. Ipandwe mvua zinapoanza, karibu na waya au fito za kukwea, ili maua yawahi kabla ya baridi kali. Sehemu kama Makete, ambako sakitu huanguka, mmea uhesabiwe kuwa wa msimu mmoja, kama Ulaya. Na achaguliwe mzazi. Pakiti zinazouzwa Ulaya zina maua meupe, ya manjano na ya chungwa kwa sababu kuna watu waliokaa wakachagua ni mmea upi utoe mbegu za mwaka unaofuata. Uchaguzi huo unaweza kufanyika kwenye ua wowote wa Lushoto.

Wapo watakaosema mmea huu ni msumbufu, na hawakosei. Huko Queensland, Australia, na visiwani Hawaii, ulikopelekwa kama pambo, umetoroka bustanini na kufunika mimea ya wenyeji. Ni sababu nzuri ya kutoupeleka kiholela kwenye nchi ngeni. Hapa nyumbani umeishi na misitu yetu tangu zamani. Hata hivyo usipandwe jirani na miche michanga ya parachichi au kahawa, maana utaikwea na kuinyima mwanga. Wengine watasema ua halijazi sufuria, na mwenye robo ekari ana haki ya kufikiria maharage kwanza. Lakini mmea huu hauombi shamba. Unaomba waya ambao tayari umesimama, na gharama yake ni bahasha moja. Wa tatu watauliza ubaya wa bougenvilia ni upi. Haina ubaya, na miiba yake hufukuza wezi. Ila asili yake ni Amerika Kusini, hupenda jua kali, na sakitu huiumiza. Kwenye ukungu wa milimani haitoi kile inachotoa Mombasa.

Wenye vitalu wana nafasi hapa, kwani mche wa mmea huu hauhitaji mbegu ya kuagiza. Lakini mwanzo ni wa mwenye ua. Kabla panga halijapita safari hii, atafute yale matunda yenye mdomo wa ndege. Yaliyo kijani ayaache kwanza. Yaliyoanza kuwa kahawia yaende kwenye bahasha, na bahasha iandikwe rangi ya ua lililoyazaa.